Reli si hii hapa? Kisa cha milimita 435 kati ya Kisumu na SGR

Juzi nilipanda matatu kutoka Kisumu kwenda Luanda. Barabara hiyo na reli ya Butere ni kama ndugu waliokosana: zinakaribiana, zinapeana mgongo, halafu zinakutana tena mbele. Karibu na Maseno, mzee aliyeketi kando yangu alinyoosha kidole kwenye vyuma vilivyofunikwa nusu na nyasi, akamuuliza kondakta: "Kijana wangu, kila siku redioni wanatafuta mabilioni ya kuleta SGR Kisumu. Reli si hii hapa? Mbona hiyo treni isije tu?"

Kondakta akajibu kwa uhakika wa mtu ambaye tayari ameshika nauli. "Mzee, hii ni ya mkoloni. Ile ni ya umeme." Mama mmoja kiti cha nyuma akaongeza kwamba ya Kisumu iling'olewa zamani ikauzwa vyuma chakavu. Mwingine akasema SGR ikifika, hii ya zamani itafutwa. Wa nne, kijana mwenye begi la chuo, akatufundisha kwamba reli ya Wazungu iliitwa ya Uganda ilhali haikufika Uganda, kwa hivyo tumezoea kudanganywa.

Majibu manne, na hakuna hata moja lililosimama wima. Swali la mzee lakini lilikuwa zuri sana, na ndilo nataka kulijibu hapa polepole.

Tuanze na majina, maana nusu ya mkanganyiko iko hapo. SGR si jina la treni. Treni ya abiria ya Mombasa na Nairobi inaitwa Madaraka Express. SGR ni njia ambayo treni hiyo inapita, na herufi hizo tatu ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "reli ya upana wa kawaida". Kuiita treni SGR ni sawa na kuiita matatu "lami". Reli ya zamani nayo, ile ya Nakuru, Kisumu, Butere, Eldoret na Malaba, ni reli ya upana wa mita moja. Kwa hivyo tofauti inayobebwa na majina hayo si ya umri, wala ya umeme, wala ya nani aliyeijenga. Ni tofauti ya upana tu. Wataalamu huuita upana huo geji.

Upana unapimwa hivi: chukua vile vyuma viwili sambamba, pima kutoka ubavu wa ndani wa kimoja hadi ubavu wa ndani wa kingine. Kwa reli inayopita Maseno utapata milimita 1,000. Kwa SGR utapata milimita 1,435. Tofauti ni milimita 435, pungufu kidogo ya dhiraa, yaani kutoka kiwiko chako hadi ncha ya kidole cha kati.

Ukiona dhiraa moja ni kitu kidogo, fikiria mtaro uliochimbwa mbele ya maduka. Mwenye mkokoteni anaweka mbao mbili juu yake, moja kwa kila gurudumu, anapita. Probox ikija na kujaribu mbao zilezile, gurudumu moja litakuwa juu ya ubao na jingine litakuwa linaelea. Mbao ni nzima, Probox ni nzima, ila hazikukutana kwa kipimo. Treni iko katika hali mbaya zaidi, kwa sababu dereva wa Probox angalau ana usukani. Gurudumu la treni lina ukingo unaoning'inia upande wa ndani wa chuma, na ukingo huo ndio unaoishika njia. Kichwa cha treni cha SGR kikiletwa Kisumu leo, hakitaweza hata kusimama juu ya reli ya Kisumu, achilia mbali kutembea.

Hilo ndilo jibu fupi la mzee. Lakini linazaa swali la pili: nani basi alituletea mita moja, na kwa nini?

Upana wa treni haukushuka kutoka mbinguni. Kuna ujumbe unaozunguka kwenye WhatsApp kila mwaka kwamba milimita 1,435 zilitokana na makalio ya farasi wawili waliovuta magari ya vita ya Warumi. Ni hadithi tamu, na kama hadithi nyingi tamu ina kipande cha ukweli kilichozungushiwa maji mengi. Kipande chenyewe ni kwamba huko kaskazini mashariki mwa Uingereza, kabla ya injini za mvuke, farasi walikuwa wakivuta vibehewa vya makaa ya mawe kwenye njia za mbao na chuma zenye upana unaokaribia huo. Mhandisi George Stephenson alilelewa katika migodi hiyo. Alipojenga reli ya Stockton na Darlington, iliyofunguliwa Septemba 1825, alitumia upana aliouzoea. Akafanya hivyohivyo kwa reli ya Liverpool na Manchester mwaka 1830. Baadaye iliongezwa nusu inchi ili magurudumu yasibane, na hapo ndipo kipimo kilipotulia. Warumi hawakuwepo kwenye kikao.

Na haikuwa kwamba upana huo ndio bora. Mhandisi mwingine wa Uingereza, Isambard Kingdom Brunel, alijenga reli yake ya magharibi kwa upana wa zaidi ya milimita 2,100, na treni zake zilikuwa tulivu na zenye kasi. Taabu ilitokea Gloucester, mji ambako reli hizo mbili zilikutana. Kila gunia, kila kreti, kila ng'ombe alishushwa kutoka behewa moja na kupakiwa kwenye jingine. Bunge likaingilia kati mwaka 1846 na kuamua kwamba reli mpya za Uingereza zijengwe kwa kipimo cha Stephenson, ambacho tayari kilikuwa na kilomita nyingi zaidi. Brunel alishindwa kwa sababu ya wingi wa majirani, na reli pana za mwisho zilibanwa Mei 1892. Mkumbuke Gloucester, maana tutaukuta tena hapa kwetu, kule Suswa karibu na Naivasha.

Kama kipimo cha "kawaida" kilikuwa kimeshinda tangu 1846, mbona Waingereza haohao walipoanza kujenga kutoka Mombasa mwaka 1896 walitumia mita moja? Jibu liko ng'ambo ya bahari. India ilikuwa imejenga maelfu ya kilomita za reli ya mita moja. Injini zilikuwepo, mabehewa yalikuwepo, na mafundi waliojua kazi walikuwepo, wote wakiwa umbali wa safari moja ya meli kutoka Kilindini. Zaidi ya wafanyakazi 31,000 waliletwa kutoka huko kwa mikataba. Karibu 2,500 walikufa, wengi kwa maradhi, ingawa wanaosimuliwa ni wale walioliwa na simba wa Tsavo mwaka 1898. Zaidi ya 6,000 walibaki.

Reli nyembamba pia ina hoja yake ya kiuchumi, na hapa ndipo nchi yetu ya magharibi inapoingia. Njia nyembamba inakubali kona kali zaidi. Ukiwa huna pesa za kutoboa mlima, unauzunguka. Kutoka Nakuru reli inapanda kupitia Njoro, Elburgon na Molo hadi Mau Summit, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Kisha inateremka Londiani, Kipkelion, Fort Ternan, Koru, Muhoroni, hadi Kisumu kando ya ziwa, mita 1,100 na ushei. Ni mteremko wa karibu mita 1,400 katika safari ambayo gari dogo huimaliza kabla ya chakula cha mchana. Wahandisi walishuka kwa kuzungukazunguka, na pale mabonde yalipowakata njia wakaweka madaraja ya chuma: 27, yaliyotengenezwa na kampuni ya Marekani, kwa sababu viwanda vya Uingereza vilikuwa vimezidiwa na kazi. Kila ninapoyakumbuka hujiuliza wale mafundi waliofunga hizo nati juu ya korongo, mvua ya Kipkelion ikiwanyeshea, walilipwa nini.

Si wafanyakazi peke yao waliolipa gharama. Wanandi wanasimulia kwamba orkoiyot, yaani kiongozi wao wa kiroho, Kimnyole, aliyeuawa mwaka 1890, alitabiri nyoka wa chuma apumuaye moto na moshi. Nyoka alipofika, mwanawe Koitalel arap Samoei aliongoza upinzani. Nyaya za simu ziligeuzwa mapambo, vyuma vya reli vikageuzwa silaha. Oktoba 1905 Koitalel aliitwa kwenye mazungumzo ya amani na afisa Mwingereza Richard Meinertzhagen, akapigwa risasi papo hapo.

Reli ilifika ziwani Desemba 1901. Kituo kikaitwa Port Florence, kwa heshima ya Florence Preston, mke wa mhandisi Ronald Preston, aliyepigilia msumari wa mwisho. Jina hilo halikudumu. Kisumu ilikuwa jina kabla ya Florence na ikabaki jina baada yake. Jambo ninalolipenda zaidi katika kisa hiki ni kwamba meli iliitangulia treni. SS William Mackinnon ililetwa vipandevipande, sehemu kubwa ya safari ikiwa vichwani na mabegani mwa wapagazi, ikaunganishwa Kisumu na kuingia majini mwaka 1900. Reli ilipofika, chombo cha kuvukia kilikuwa kinasubiri.

Hapo sasa nimjibu kijana wa chuo. Reli ya Uganda ilifika Uganda, tena bila kuvuka ziwa! Mwaka 1901 Kisumu ilikuwa katika Uganda. Naivasha na Nakuru pia. Mkoa wa mashariki wa Himaya ya Uganda ulianzia karibu na Naivasha, na ulihamishiwa upande ambao leo ni Kenya mwaka 1902. Reli haikukosa mpaka. Mpaka ndio uliosogea ukaiacha ndani.

Miaka zaidi ya 20 iliyofuata ilikuwa miaka ya Kisumu. Pamba ya Uganda ilivuka ziwa kwa meli, ikapakiwa kwenye mabehewa hapa, ikashuka Mombasa. Halafu ikaja njia panda ambayo wengi hawaijui, na ndiyo inayoeleza kwa nini watu wa Nakuru na wa Kisumu husikia habari tofauti wanapoambiwa "reli inafufuliwa". Katika miaka ya 1920 tawi jipya lilijengwa kutoka Nakuru kupitia Timboroa, ambako reli hupanda hadi kama mita 2,785, kwenda Eldoret mwaka 1924, kisha Malaba na Tororo. Mwaka 1931 treni ikafika Kampala bila kugusa ziwa. Mzigo wa Uganda haukuhitaji tena meli. Kisumu, iliyokuwa mwisho wa safari, ikageuka tawi la pembeni, na tawi hilo likaongezewa kijitawi cha kilomita 69 hadi Butere mwaka 1930, ndicho hiki kinachotusindikiza Maseno, Luanda na Yala.

Kwa hivyo ukisikia "reli ya zamani" jiulize kwanza ni ipi. Nakuru ndiyo njia panda: mkono mmoja unaenda Eldoret na Malaba, mkono wa pili unaenda Kisumu na Butere. Mkono mmoja unaweza kupona wakati mwingine bado mgonjwa.

Kuna ubishi mwingine niliousikia mara nyingi Nakuru kuliko Kisumu: kwamba reli ya mita moja ni kitu dhaifu cha kubebea maboga. Ukipita Makumbusho ya Reli pale Nairobi, tazama injini mbili za mvuke zinazoitwa Mount Gelai na Mount Shengena. Ni kati ya 34 zilizotengenezwa Manchester katika miaka ya 1950 kwa ajili ya reli yetu, kila moja ikiwa na uzito wa zaidi ya tani 250, na ndizo injini za mvuke zenye nguvu kuliko zote zilizowahi kutumika kwenye reli ya mita moja popote duniani. Japani nayo, hadi leo, reli zake nyingi za kawaida ni za milimita 1,067. Walipotaka treni ya kasi kati ya Tokyo na Osaka, wakajenga njia nyingine ya milimita 1,435, wakaifungua Oktoba 1964, na zile nyembamba zikaendelea na kazi yake. Aliyesema kwenye matatu kwamba reli mpya lazima iue ya zamani, ajue Wajapani wamekaa na zote mbili kwa zaidi ya miaka 60.

Basi turudi kwa mzee. Nilipomweleza habari ya dhiraa, aliniuliza swali ambalo lingenifanya nimwajiri: "Sasa wasogeze tu chuma kimoja?"

Inawezekana, na imewahi kufanyika kwa namna inayoshangaza. Kusini mwa Marekani reli zilikuwa za futi tano. Mwishoni mwa Mei 1886, katika muda wa siku mbili, vibarua walisogeza chuma kimoja inchi tatu ndani, kwenye njia za urefu wa karibu kilomita 18,500. Jumatatu zilikuwa za futi tano, Jumatano treni za kaskazini zinapita. Lakini walikuwa wanasogeza inchi tatu, na tena kuelekea ndani, juu ya mataruma yaleyale ya mbao.

Sisi tungesogeza inchi 17, kuelekea nje. Taruma, kile kipande kinacholala chini ya vyuma, kimekatwa kwa urefu wa reli yake. Ukisogeza chuma nje kiasi hicho kitafika ukingoni au kianguke kabisa. Unaweza kubadilisha mataruma yote. Unaweza hata kutandika chuma cha tatu ili treni za aina zote mbili zipite, jambo ambalo nchi kadhaa hufanya. Ila kona zitabaki kali. Madaraja yatabaki yaleyale, yaliyopimwa kwa mizigo ya enzi hizo. Miteremko itabaki ileile. SGR imesanifiwa kwa treni ya mizigo ya hadi tani 4,000 na treni ya abiria ya kilomita 120 kwa saa. Utakuwa umenunua viatu vya mwanariadha ukavivaa kukimbilia ngazi za ghorofa.

Ndiyo maana wajenzi wa SGR hawakufuata nyayo za reli ya zamani. Walipofika ukingo wa Bonde la Ufa hawakuzunguka. Walitoboa, na handaki la Ngong pekee lina urefu wa kilomita 4.5. Kipande cha Mombasa hadi Nairobi kilifunguliwa mwisho wa Mei 2017 kwa takriban shilingi bilioni 327, nyingi zikiwa mkopo wa China. Kipande cha Nairobi hadi Suswa, karibu na Naivasha, kilomita 120, kilifunguliwa Oktoba 2019 kwa bilioni 150. Hapo ikasimama.

Na hapo ndipo Gloucester ilipohamia Kenya. Kontena linalotoka bandarini Mombasa likielekea Uganda husafiri vizuri hadi bandari ya nchi kavu ya Naivasha. Kisha winchi inalinyanyua kutoka behewa la SGR na kuliweka kwenye behewa la mita moja. Kimejengwa kipande cha kilomita 23 na kitu cha reli nyembamba kuunganisha hapo na stesheni ya Longonot. Kutoka hapo kontena linaendelea kwa reli ya babu zetu: Nakuru, Timboroa, Eldoret, Malaba. Msafiri yeyote wa matatu anaijua hali hii. Umelipa nauli hadi Kisumu, mkifika Nakuru mnaambiwa, "Gari limefika mwisho, pandeni lile pale." Utafika, ndiyo, lakini na mizigo kichwani na moyo umechafuka.

Upande wa Kisumu kulikuwa na suluhisho la zamani ambalo bado naliona la ajabu. MV Uhuru, meli ya mwaka 1966, ina reli sakafuni mwake. Mabehewa huingia melini kwa magurudumu yao wenyewe, 22 kwa mara moja, huvuka ziwa hadi Port Bell, na hutoka upande wa pili yakiendelea na safari, kwa sababu reli ya Uganda nayo ni ya mita moja. Hakuna winchi, hakuna kushusha. Meli hiyo ilirudi kazini mwaka 2019 baada ya kukaa miaka mingi. Sasa fikiria SGR imefika Kisumu. Mabehewa yake hayataweza kuingia kwenye MV Uhuru. Dhiraa ileile itayasubiri gatini.

Kuhusu pesa, tuwe waangalifu, maana hapa ndipo watu hugombana. Reli ya zamani kati ya Nakuru na Kisumu, kilomita 217, ilikarabatiwa kwa takriban shilingi bilioni 3.8, na Desemba 2021 treni ya abiria ikarejea Kisumu baada ya karibu mwongo mmoja wa kimya. Kwa hivyo yule mama aliyesema iling'olewa alikosea, ingawa simlaumu; kuna vipande viliibwa na wauza chuma, na nyasi hazikusaidia. Ukigawanya, ukarabati ulikula kama shilingi milioni 17.5 kwa kilomita. SGR ya Nairobi hadi Suswa ilikula bilioni 1.25 kwa kilomita. Mara 70 hivi.

Watu wengi hushika hesabu hiyo na kukimbia nayo, na mimi pia nilikimbia nayo hapo mwanzo. Lakini kubadilisha mabati yaliyotoboka na kujenga nyumba mpya ni kazi mbili tofauti. Ukarabati haukuongeza kasi kubwa wala kunyoosha kona. Ulichofanya ni kuirudishia reli uwezo wake wa zamani. Kama uwezo huo unatosha kwa mizigo ya Kisumu ni swali halali kabisa, na kwa maoni yangu ndilo lingepaswa kuulizwa kabla ya kuuliza mkopo utatoka wapi. Tena wengi wanadhani hawajaanza kuilipia SGR kwa sababu haijawafikia. Ushuru wa maendeleo ya reli ulianza kutozwa kwenye bidhaa zinazoagizwa kutoka nje mwaka 2013, kwa asilimia 1.5. Fundi wa Kondele aliyenunua spea ya pikipiki amekuwa akichangia tangu wakati huo, bila tiketi.

Umeme wa kondakta niumalize kwa sentensi chache. SGR ya Kenya inavutwa na dizeli. Ya umeme ni ya Tanzania, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024. Ni ya milimita 1,435 pia, kwa hivyo upana haukuambii chochote kuhusu nishati. Na Uganda ilitia saini mkataba na kampuni ya Uturuki Oktoba 2024 wa kujenga reli yake ya upana huo kati ya Malaba na Kampala, kilomita 272. Wao wanakuja Malaba. Sisi tulisimama Suswa mwaka 2019.

Kati ya hapo na Malaba, mchoro uliotangazwa wa SGR unapitia Narok, Bomet na Nyamira hadi Kisumu. Nilipomwambia rafiki yangu wa Nakuru, ambaye ameshaanza kukadiria kodi ya nyumba zake kwa hesabu ya stesheni mpya, alinyamaza kidogo, akaniuliza kama nina hakika. Mchoro hauingii mji wa Nakuru. Hauingii Molo, Londiani, Fort Ternan wala Muhoroni. Sababu si chuki ya kisiasa, kama nilivyosikia ikisemwa. Ni zilezile kona na yale madaraja 27 ambayo reli pana inayakwepa. Miji hiyo mingi ilikua kwa sababu treni ya mvuke ilihitaji kusimama kunywa maji na kupakia kuni. Treni ya sasa haina kiu hiyo.

Na si mara ya kwanza penseli ya mhandisi kuhamisha bandari. Kapteni James Macdonald alipopima njia ya reli mwaka 1892, mwisho wake haukuwa Kisumu. Ulikuwa Port Victoria, mbali zaidi kaskazini magharibi, kwenye ghuba ya Berkeley. Baadaye njia ilifupishwa, ikaelekezwa kwenye ghuba iliyo karibu zaidi, na Kisumu ikapata treni, meli na jiji.

Mzee alishuka Luanda, sokoni, pale wachuuzi walipojibanza hadi ukingoni mwa reli. Nilimwambia kisa cha Port Victoria akiwa tayari na mguu mmoja chini. Akacheka sana, akasema ana shemeji Budalang'i, atampigia simu jioni amuulize kama wamechoka kungoja.